Walisema Namuua Mume Wangu kwa Chukuchuku

Shemeji yangu aliingia jikoni kwangu bila hodi, akafunua sufuria, akapiga kelele hadi majirani wakatoka.

"Huyu mwanamke anamuua kaka yangu!"

Mie nimesimama na mwiko mkononi.

Nyie mnaoniona bibi mpole humu mtandaoni hamjui kwamba nilishawahi kuitwa mchawi mtaa mzima wa Keko. Enzi hizo za Mwingereza, Uhuru bado.

Naitwa Yustina. Mume wangu, Polikarpo, alikuwa seremala. Mtu wa Masasi, kifua kama mlango, na mlaji haswa. Kisamvu kisicho na karanga alikuwa anakiita majani ya mbuzi.

Siku moja akaanguka kazini, randa mkononi. Kifua kimembana, jasho linamchuruzika. Tukamkimbiza hospitali.

Daktari akasema ni moyo. Akapiga marufuku nazi, karanga, samli, nyama ya mafuta, chochote cha kukaanga.

"Mama, mafuta ndiyo yatakayomzika."

Njiani kurudi, Poli akanishika bega.

"Yusta, usimwambie mtu. Hata mama. Seremala mwenye moyo mbovu, nani atampa kazi?"

Nikaapa.

Basi nyumbani ikawa chukuchuku tu. Samaki wa kuchemsha kwa ndimu na chumvi. Mchicha wa maji. Maharage bila tui. Alinuna weee, lakini akala. Kifua kikatulia, akarudi kazini.

Ila akakonda. Suruali zikawa zinamvuka.

Mtaani wakapata la kusema. Yustina anamnyima mume chakula. Yustina ana bwana mwingine huko Chang'ombe. Yustina mchawi, anataka nyumba.

Ndipo akaja Albano, mdogo wake Poli, huyo aliyenivamia jikoni. Alikuja na mama yao, Mama Margareta, na mkewe kabeba bakuli kubwa: kuku wa nazi, mafuta yanaelea juu.

Baada ya zile kelele za jikoni, akatukalisha uani. Majirani wamejaa, na tajiri wake Poli, mwenye karakana, kaitwa naye yumo.

"Leo kaka atakula chakula cha watu," Albano akasema. "Akikataa, shemeji, tutajua umemfanya nini."

Nikamtazama Poli. Sema basi, mume wangu!

Poli akamtazama tajiri wake. Akainamisha kichwa. Akanawa mikono.

Jamani.

"Poli, usile," nikasema.

"Nyamaza!" Albano akafoka.

Mama mkwe kakaa kwenye mkeka, macho makavu. Tangu afike hajanisemesha zaidi ya salamu. Nikajua huyu ndiye kinara wao.

Poli akakata tonge la ugali waliokuja nao. Akalichovya. Mkono mmoja kifuani, mwingine unapanda mdomoni.

Nikajikuta nimesimama. Nikalipiga lile bakuli teke.

Kuku, mchuzi, vyote mchangani.

Mke kumwaga chakula cha wakwe! Albano akanyanyua mkono anizabe.

"Mguse uone!"

Alikuwa mama mkwe. Kasimama. Hakumtazama Albano, alimtazama Poli.

"Mwanangu, kifua kinakubana?"

Poli akalitupa tonge. Machozi yakamtoka mbele ya wote.

"Kilinibana, mama, hadi nikaanguka. Daktari kanikataza mafuta. Yusta nilimwapisha mie asiseme."

Yule mama akakaa chini, pale pale kwenye mchanga.

"Baba yenu alikufa hivyo hivyo. Tumetoka kwenye karamu niliyopika mimi, akashika kifua, akaanguka. Ndugu zake wakasema nimemlisha sumu. Wakanifukuza, wewe Albano ukiwa tumboni. Miaka yote hii najiuliza nilitia nini kwenye chungu kile. Kumbe sikutia kitu!"

Mkono wa Albano ukashuka wenyewe. Akapiga magoti, sijui mbele yangu au mbele ya mama yake. Mie na mama mkwe tulikuwa tumeshakumbatiana.

Tajiri hakumfukuza Poli. Alimpa kazi nyepesi, kupiga msasa na vanishi. Mume wangu akauona Uhuru, akawaona na wajukuu.

Wanaume, siri ya ugonjwa msimbebeshe mke peke yake, itamfanya muuaji machoni pa watu. Na nyie mawifi na mashemeji, mkimwona ndugu yenu kakonda, muulizeni yeye kwanza. Mama mkwe wangu hakuulizwa, akaishi nusu ya umri wake akiamini huenda kweli aliua.