Betri Niliyoigeuza

Napanga begi la sikukuu. Pawabenki imeshajaa, lakini bado mkono wangu unaifungua tochi na kuigeuza betri moja. Harufu ya chuma inayotoka humo inanirudisha Nyantakara, jikoni kwa bibi, jioni tuliyofika kula Krismasi.

Baba alikuwa amemletea tochi mpya, maana macho ya bibi yalishaanza kufifia. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akabonyeza. Haikuwaka. Akaipangusa kwa khanga, akabonyeza tena.

"Ni nzuri," akasema taratibu. "Nitaiweka kabatini."

Mama akamtazama baba. Baba, aliyetufundisha njia nzima namna ya kupanga mizigo, akamgeukia bibi na kuangua kicheko.

"Mama, niligeuza betri moja isije ikajiwasha ndani ya begi. Nimesahau kuirudisha."

Akairudisha. Mwanga ukaruka hadi kwenye masizi ya dari. Bibi akatumulika usoni mmoja mmoja, bila haraka, kama anayechambua maharage.

"Kumbe mmekua hivi," akasema. "Ile shikamoo niliitikia sauti tu. Niamkieni upya."

Tukapanga mstari tukicheka, na kila mmoja akapewa marahaba yake na mwanga wake.