Kanda ya Mama wa Sufuria

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuwa na meza ya kurekodi kanda Kariakoo, huniomba jambo moja: niwachagulie nyimbo chache za uani, za kuanzia, za mtu asiyejua kitu. Wanadhani ni kazi ya kunywa chai huku unaifanya. Mimi kazi hiyo niliifanya kwa dhati kwa mteja mmoja tu, na niliifanya mara mbili, kwa sababu kanda ya kwanza aliirudisha.

Niseme kwanza za uani ni zipi. Wakati ule bendi kubwa zote zilikuwa na mwenyewe. Hii ya jeshi, ile ya shirika, nyingine ya jumuiya. Wanamuziki wake walikuwa na sare na mshahara, na redio iliwapiga tangu asubuhi. Za uani hazikuwa na mwenyewe. Zilikuwa ngoma za watu wa pwani na watu wa kusini waliokutana Ilala na Buguruni wakapanga nyumba moja, wakachanganya mapigo, wakaongeza kopo la maziwa lenye kokoto, filimbi, na mwanamke mwenye sauti ya kugombana na jirani. Zilipigwa harusini, nyuma ya nyumba, chini ya kamba za nguo. Redioni hazikuingia hata kwa bahati mbaya. Aliyezitaka alirekodi mwenyewe kwa redio kaseti iliyotegwa dirishani, halafu nakala zikapita mkono kwa mkono mpaka zikafika mezani kwangu.

Meza ilikuwa barazani kwa fundi redio, Mtaa wa Sikukuu. Fundi alikuwa mtu wa Lindi, mkubwa kwangu, mpole mpaka umguse waya zake. Alikuwa ameniunganishia redio kaseti mbili kwa waya mmoja, na huo ndio ulikuwa mtambo. Kanda tupu hazikuwepo madukani. Zilikuwa zimekwenda huko huko zilikokwenda sabuni na betri. Kwa hiyo mteja alikuja na kanda yake, na kilichokuwemo ndicho kilichokufa. Nimefuta hotuba. Nimefuta mafunzo ya Kifaransa, somo la kwanza mpaka la mwisho, bila mimi kujifunza hata kusalimia. Nimefuta kicheko cha mtoto mchanga ambaye baba yake alisema futa tu, mtoto mwenyewe yupo.

Mteja mwenyewe, Mama wa Sufuria, alikuwa na duka la sufuria nyuma ya soko. Mchaga, mtu wa kanisani, mjane kwa muda mrefu kiasi kwamba watu walikuwa wamesahau kumpa pole. Miaka ile duka lake lilikuwa na maboksi mengi kuliko sufuria, lakini maboksi yenyewe yalipangwa vizuri hivi kwamba ulitoka ukiamini umeona bidhaa. Mimi nilikuwa mteja wake, na tuliheshimiana kama wanavyoheshimiana watu wawili ambao hakuna aliyewahi kumpunja mwenzake, na si kwa kukosa kujaribu.

Siku hiyo alikuja mwenyewe barazani. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Wewe ndiye unayeuza zile fujo za Ilala?"

Nikamwambia inategemea anataka fujo ya mtaa gani. Hakucheka. Akaigonga redio yangu kwa kifundo cha kidole, kama alivyokuwa akigonga kila sufuria kabla ya kuitaja bei, akasikiliza inavyolia. Kisha akakaa kwenye benchi na kunieleza shida yake, kwa sauti ya chini, kwani fundi alikuwa pale pale akiwa na kichwa ndani ya redio ya mtu.

Mwanawe wa pekee alikuwa anaoa Ilala, kwa watu wa kusini. Wakristo wenzake, hapo hakuwa na neno. Walipopeleka posa, wanawake wa nyumba ile waliwapokea kwa ngoma uani. Yeye alikaa kwenye kiti alichopewa, mkoba magotini, akingojea wamalize. Hawakumaliza. Mwimbishaji, shangazi wa binti, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha njano kichwani, akamzungukia akiimba: mgeni kapakata mkoba, mwana kamwacha kasimama. Uani wote ukaitikia. Mwanawe, ambaye kweli alikuwa amesimama, alitazama chini mpaka wimbo ukaisha. Wakati wa kuondoka yule binti alimshika mkono akamwambia, usijali mama.

"Mimi sitaki kuambiwa usijali," Mama wa Sufuria akasema. "Harusini wataniita niingie. Nikikaa tena, huyo mtoto wangu atakuwa anakwenda kwao peke yake mpaka nakufa. Nataka nijue."

Kwao, kwa Wachaga, waliimba sana, akasema, lakini kwa sauti nne, watu wamepanga mstari. Hizi za Ilala hakujua hata zinaanzia wapi. Akafungua mkoba ule ule akatoa kanda ya kwaya ya kanisa la nyumbani kwao. Nifute yote, isipokuwa wimbo wa mwisho wa upande wa pili. Huo nimwachie.

Nikamwambia nafasi itabana. Akasema na yeye duka lake limebana na bado anauza. Tukapatana.

Sasa kuchagua. Kwa mtu wa kuanza nilitaka kumfungulia gora lote mezani, kama muuza vitambaa, achanganyikiwe kwa uzuri. Nilikuwa na ile ya Buguruni yenye filimbi, ambayo wateja waliiomba kwa kuipigia mluzi. Nilikuwa na ya wanawake wa Mchikichini wakimsema mke mwenza, ambayo niliikata kwa kisu kikali kwa sababu kuna maneno mchungaji asingeyamaliza. Ilikuwepo ya bibi mmoja wa Ilala mwenye sauti iliyokwaruza kama sahani ya santuri, polepole, nzito. Ilikuwepo pia ile ambayo katikati yake anaingia balozi wa nyumba kumi kuuliza kibali cha ngoma kiko wapi. Unamsikia kabisa, na unawasikia wapigaji wakishusha mapigo, wakimjibu kwa adabu, ndugu balozi, ndugu balozi, lakini hawaachi kupiga. Jumla nikapata saba. Nikahesabu tena, saba.

Tatizo la za uani ni kwamba wimbo mmoja unaweza kula upande mzima wa kanda. Kuanza kwake si kuanza. Kuna mtu anakohoa, mwingine anaomba kiberiti, ngoma zinapashwa moto kwa karatasi ili ngozi ikaze, kuku anapita. Nikakata yote hayo. Kila wimbo nikauchukua pale ulipokwisha kuwaka, nikauacha kabla haujapoa. Nyimbo saba na wimbo wa kanisa, zikakaa. Niliona fahari. Fundi alitoa kichwa redioni, akasikiliza kidogo, akasema tu kwamba inakimbia sana, akarudi kwenye kazi yake. Nikamwona ana wivu.

Mama wa Sufuria aliirudisha baada ya Jumapili. Alikuwa akiisikiliza dukani akishafunga mlango, pamoja na msichana wake wa kazi ambaye aliweza kuicheza tangu siku ya kwanza, jambo lililomuudhi zaidi.

"Kila wimbo ukianza wenzangu wako katikati," akasema. "Mimi mlango sijauona. Umeniuzia nyumba haina mlango."

Nikajitetea. Nikasema nimempa nyama tupu, mifupa nimetupa mwenyewe. Akasema aione hiyo mifupa.

Basi nikaweka kanda ya yule bibi wa Ilala, yenyewe, haijakatwa, na tukasikiliza watatu pale barazani, mikokoteni ikipita. Kikohozi. Kiberiti. Karatasi inashika moto, unaisikia. Ngoma moja inagongwa kwa kidole, bado, inarudishwa motoni. Bibi anatamka jina la mtu, haimbi, anaita tu. Halafu kimya. Hapo ndipo mkono wangu siku zote ulikuwa unabonyeza kitufe, kuruka mbele.

"Rudisha," Mama akasema.

Nikarudisha. Akainamisha kichwa, kama anasikiliza sufuria.

"Hivyo ni viatu."

Nikamwambia hapo ni patupu, wanasubiri ngozi ikaze. Akasema yeye amekaa dukani miaka akiwa amewapa watu mgongo, na anajua mtu anayeingia ana viatu gani kabla hajageuka. Hizo ni ndala, mbili, za mtu mzima, zinatoka kwenye sakafu ya saruji zinakwenda kwenye mchanga. Rudisha tena. Nikarudisha. Zilikuwepo. Nilikuwa nimewauzia watu kanda ile sijui mara ngapi, na ndala zote hizo nimezitupa.

Fundi alikuwa ameacha kazi. Akasema, taratibu, kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake, kwamba ndivyo ilivyo. Kwao mtu mzima akiitwa huingia ngoma ingali imelala, kabla haijapigwa.

"Ikishaamka hujaingia," akasema. "Umedandia."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akasema hakujua kwamba kuna mtu hajui.

Kwa hiyo nikaanza upya, na safari hii saba zisingeingia. Nikapendekeza tufute ule wimbo wa kanisa, tupate nafasi. Mama akatikisa kichwa. Kwenye ule wimbo, akasema, mama yake yumo, safu ya nyuma. Ukisikiliza vizuri kuna mmoja anachelewa kuingia. Ndiye yeye.

Hakukuwa na la kupatana hapo. Saba zikawa mbili. Niliumia kama mtu aliyeshushwa bei na mtoto. Fundi akachagua ya bibi wa Ilala, yote, upande wa kwanza. Kwa upande wa pili Mama akachagua ile ya balozi. Nikamwonya kwamba nusu yake ni mabishano ya kibali. Akasema hao watu wamezuiwa na bado wanauza, anataka kuwasikia. Baada ya balozi kuondoka na wimbo kuisha, kinakuja kimya kidogo, halafu kwaya, sauti nne, na mmoja anachelewa. Sikuwahi kutengeneza kanda ya ajabu kama ile.

Harusini niliitwa kurekodi. Ilikuwa Ilala, uani, mchana, kwani kibali kilisema mwisho kabla ya magharibi na balozi wa pale hakuwa mtu wa kushushiwa mapigo. Nikaiweka redio yangu juu ya kigoda karibu na ngoma. Mama wa Sufuria alikuwa kwenye kiti, gauni la bluu, viatu vya kufunika vyenye kisigino, mkoba magotini. Nilipouona mkoba nikasema basi, kanda yangu imekwenda na maji.

Wakacheza nyimbo za kwanza, za vijana. Hakutikisika. Shangazi wa binti, kitambaa kile kile cha njano, alikuwa anamwangalia kila akigeuka, na aliimba kama mtu anayetunza kitu mdomoni. Kisha wapigaji wakaacha. Mmoja akakunja gazeti akaliwasha, akaishikilia ngoma juu yake. Uani ukatulia. Shangazi hakuimba, aliita tu: mama mwenye kijana yuko wapi.

Nilijaribu kuhesabu macho yaliyomgeukia nikashindwa mara zote mbili. Bwana harusi alikuwa mlangoni, ameanza tena kutazama chini. Gazeti lilikuwa linaisha. Mpigaji akagonga ngozi kwa kidole, ikalia juu kidogo, akairudisha motoni, na nilijua ikigongwa tena itakuwa tayari.

Mama wa Sufuria akasimama. Akatembea kwenye saruji, visigino vyake vikigonga, lakini hakwenda katikati. Alikwenda moja kwa moja kwa shangazi, akamnyooshea mkoba.

"Nishikie, mkwe," akasema. "Wewe ndiye unayeujua."

Shangazi akacheka, kicheko kimoja kifupi, akaupokea mkoba akautundika mkononi, na Mama akashuka kwenye mchanga, ambako visigino havisikiki, akasimama katikati peke yake, ngoma bado imelala. Ndipo ikagongwa.

Siwezi kusema alicheza vizuri. Alicheza kama anapanga sufuria rafuni, moja moja, kila moja na mahali pake. Lakini shangazi ilimbidi aimbe wimbo mzima akiwa na mkoba wa mwenzake mkononi, na neno lile la siku ya posa hakulirudia, siku ile wala nyingine niliyosikia. Mwanawe alitoka mlangoni akaja kusimama karibu na kigoda changu. Alikuwa anatazama mbele.

Meza haipo tena, baraza lile limekuwa ghorofa, na fundi alirudi Lindi zamani. Kanda ya siku ile ninayo. Mtu akiniomba za uani za kuanzia, nampa hiyo kabla ya ile yenye filimbi, kabla ya zote. Wengi huisikiliza kidogo, wananigeukia wakisema mzee, hapa katikati pana patupu, kanda imekufa. Wengine mkono tayari uko kwenye kitufe.

Nawaambia waache. Haijafa, kuna mtu anakuja.