Nyumba Isiyo na Mlango wa Nyuma

Mama Dobi alikuwa amechoka mpaka hasira zenyewe alizikosea nguvu. Alikaa juu ya mfuko wa saruji, mgongo kauegemeza kwenye ukuta wake mwenyewe, miguu kainyoosha mbele kama si yake. Viatu vilikuwa vyeupe kwa vumbi. Magoti yalikuwa yanawaka moto.

Mfuko aliokalia ulikuwa na kisa chake. Msimu uliopita alileta saruji mapema, akamwachia shemeji yake, mdogo wa mumewe, anayekaa hapo jirani kwenye nyumba ya zamani ya ukoo. Shemeji akaipanga chini chumbani, sakafu ya udongo, bila hata ubao wa kuinyanyua. Unyevu ukapanda taratibu. Fundi alipokuja kuifungua alikuta mawe yaliyovaa karatasi. Mama Dobi alitaka kulia. Shemeji, mtu asiyejua kuona haya, akasema, "Shemeji, umenunua saruji, Mungu kakuongezea na viti." Na kweli, tangu siku hiyo kila aliyefika pale alikalia saruji.

Nyumba ilikuwa imesimama. Bati lilikuwa juu, madirisha yana nondo, plasta ya nje bado ina rangi ya unyevu. Mlango wa mbele ulitazama barabara kama alivyotaka, na siku hiyo fundi alikuwa ameondoa mbao za mwisho kwenye ngazi za kuuendea. Ngazi zilikuwa pana, zimenyooka, kila moja ina ukingo uliopigwa mwiko ukang'aa. Ndizo zilizomkalisha chini.

Ili mtu aelewe kwa nini, ni lazima arudi nyuma kidogo.

Jina la Dobi lilimganda kazini. Alifua mashuka ya hospitali tangu hajazaa mpaka anaitwa bibi. Chumba cha kufulia kilikuwa mwisho kabisa wa uwanja, karibu na pipa la kuchomea taka, na wafanyakazi wake waliingilia geti dogo la nyuma, lile la kutolea uchafu. Geti la mbele lilikuwa la madaktari na wagonjwa. Mama Dobi aliwahi kulipita mara moja tu, akiwa na uchungu wa mtoto wake wa mwisho, na alikuwa akisema kwamba hakupata nafasi ya kulitazama vizuri.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Yeye na mumewe walipanga chumba cha uani. Kukifikia ulipita kichochoro, kati ya bafu na banda la kuni la mwenye nyumba. Mgeni wao akipiga hodi kwa mbele, mwenye nyumba alimwelekeza kwa kidevu: "Zunguka nyuma." Neno hilo Mama Dobi alilisikia miaka yote akiwa ndani anakunja nguo, na kila akilisikia kitu kilimchoma hapa, chini ya titi la kushoto.

Mumewe alikuwa mlinzi. Maisha yake yote alisimama kwenye mageti ya watu. Geti akalifungua yeye, akaingia mwingine.

Kwa hiyo ukoo ulipowakatia kipande cha ardhi kule shamba, juu ya barabara, Mama Dobi alikula kiapo. Nyumba yake itatazama barabara. Na haitakuwa na mlango wa nyuma, hata mdogo, hata wa kuku.

Siku ya kupima msingi, fundi alivuta kamba, akaweka pima maji yake juu ya ubao, akafumba jicho moja. Fundi huyo walimwita Pima Maji kwa sababu hakuachana na kile kifaa. Watu walisema hata chai hainywi mpaka aone kikombe kimekaa sawa.

"Mama," alisema, "kiwanja chako kimelala kuelekea barabarani. Huku juu msingi utakuwa tofali mbili tatu tu, sakafu itakwenda sawa na ardhi. Kule chini utanyanyuka mpaka kifuani kwangu. Mlango tuuweke huku juu. Mtaingia tambarare, kama mtu anavyoingia jikoni."

"Kama anavyoingia jikoni!" Mama Dobi aliruka. "Mwanangu, mimi nimeingia hivyo tangu mama yako hajaolewa. Weka mlango barabarani."

"Utahitaji ngazi, mama, tena ndefu."

"Weka. Ngazi ni heshima. Anayenitaka apande."

Mumewe alikuwepo, amesimama na rungu lake la kazi kwapani, miguu imara. Alicheka, akasema, "Fundi, usibishane na huyo. Mimi nimejaribu nikaishia kufua soksi zangu mwenyewe."

Basi ujenzi ukaanza, na ujenzi ni kazi ya kumla mtu. Tofali walichoma wenyewe kwenye tanuri la shemeji. Nusu zikaiva, nusu zikabaki mbichi zikayeyuka kwa mvua. Mchanga ulikuja una mizizi ndani. Maji yalibebwa kutoka bondeni kwa madumu, na kila tone lililonywewa na zege lilipita kwanza kwenye bega la mtu. Kila mapumziko Mama Dobi alifunga safari na kifurushi cha misumari au bawaba, akafika, akakuta ukuta umepanda kidogo au haukupanda kabisa. Chumba kimoja kikaisha, kazi ikalala. Cha pili kikaanza, kikakaa msimu mzima bila bati, nyasi zikaota ndani kama zimealikwa.

Katikati ya yote hayo mumewe akaanguka. Ilikuwa kiharusi. Mkono ulirudi, maneno yalirudi, mguu wa kulia haukurudi. Alijifunza upya kutembea kwa fimbo, mguu akiuburuta. Kwenye sakafu tambarare alikwenda, polepole, lakini alikwenda. Kuunyanyua hakuweza. Kizingiti cha chumba chao cha uani kilimshinda, ikabidi kishindiliwe kwa udongo pande zote mbili.

Siku moja Mama Dobi akimkanda, alimwambia, "Nyumba ikiisha, tutakodi gari. Vijana watakubeba mpaka ndani, taratibu."

Mzee aliutoa mguu wake mikononi mwa mkewe.

"Sibebwi," alisema. "Nimefungulia watu milango maisha yangu yote. Kwangu nitaingia kwa miguu yangu. Kubebwa nitabebwa siku ya kutoka."

"Achana na maneno hayo."

"Nimekwambia. Mkinibeba, nirudisheni huku huku uani nikafie kwa watu."

Alikuwa hatanii. Mama Dobi aliyajua macho yake ya utani, na yale hayakuwa hayo.

Sasa mtu atauliza, hakufikiria ngazi? Hakufikiria. Mgonjwa alikuwa mjini na nyumba ilikuwa shamba. Akiwa mjini aliwaza dawa, na kukanda, na jinsi ya kumfikisha msalani. Akifika shamba aliwaza plasta. Hayo mawazo mawili yalipishana njiani kila safari bila kusalimiana. Na fundi naye tangu siku ya msingi hakuwahi kumwona tena mzee. Kichwani mwake alikuwa bado yule mtu wa rungu kwapani.

Mpaka siku hiyo ya ngazi. Mama Dobi alipanda na ndoo ya maji kichwani, goti likalia kah, akasimama katikati kupumua. Shemeji, aliyekuwa chini anatafuna jiti, akasema kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Sasa shemeji, hapa kaka atapandaje?"

Pima Maji alikuwa anaosha mwiko wake. Aliendelea kuuosha ingawa ulikuwa umeshatakata. Mama Dobi aliitua ndoo pale pale kwenye ngazi, akashuka huku ameshika ukuta, akaenda kukalia saruji yake.

Mwenye nyumba kule mjini alikuwa anakitaka chumba, mwanawe anaoa. Binti yao alikuwa ameshakodi gari. Mzee angefika baada ya siku chache, na mvua ilikuwa imeshaanza kunuka hewani.

"Fundi," alisema hatimaye, sauti ikitoka kwa mbali. "Tuweke mteremko hapo mbele. Aje anaburuta polepole."

Pima Maji hakubisha. Alichukua mbao mbili, akazilaza juu ya ngazi, akapandisha toroli tupu mpaka katikati, akaliachia. Toroli lilirudi mbio, likampita shemeji, likaenda kulala mtaroni.

"Kaka huyo," alisema shemeji.

"Koma wewe!"

"Nimekoma, shemeji."

"Kwa urefu huu, mama," alisema fundi, "mteremko wa kupitika utakwenda mpaka katikati ya barabara. Kujaza kifusi tunaweza, lakini mvua ya kwanza itaondoka nacho."

"Basi hakuna njia."

Fundi alijikuna kidevu. Alizunguka nyumba, akarudi.

"Njia ipo. Dirisha la jikoni, kule nyuma. Juu yake linta, ule mkanda wa zege, imeshapita na kushika, ukuta haudondoki. Tukivunja chini ya dirisha tu, mpaka sakafuni, unapata mlango. Na kule ni sawa na ardhi." Akautazama mwiko wake. "Ila plasta nimeipiga juzi. Nitaumia."

Mama Dobi alimtazama. Mlango wa nyuma. Tena wa jikoni. Alihisi uchovu wote wa mashuka yale, maji ya moto, geti la takataka, kichochoro, ukimpanda kutoka vidoleni. Alifumba macho akasikia kabisa sauti ya mwenye nyumba: zunguka nyuma. Kwa hiyo ndicho alichokuwa anajenga muda wote huu, mahali pengine pa kumwambia mtu azunguke.

Shemeji alikwenda mtaroni akalitoa toroli.

"Nipe nyundo," alisema Mama Dobi.

"Mama, hiyo kazi ni yangu."

"Nipe. Niliyekataa ni mimi."

Alizunguka nyuma. Alipiga ukuta wake chini ya dirisha, pigo la kwanza plasta tu ikatoka kama ganda la yai. La pili likamtetemesha mikono mpaka mabegani. La tatu tofali likapasuka, na unga mwekundu ukamjaa usoni. Hapo Pima Maji akamnyang'anya nyundo kwa upole, na yeye hakushindana.

Mzee alifika mchana wa jua kali, amekaa mbele ya gari pembeni ya dereva, binti yao nyuma anashikilia godoro. Gari halikusimama barabarani. Shemeji alilielekeza kwa mikono miwili kama anaongoza ndege, likapanda kwa ubavuni mpaka nyuma ya nyumba. Mzee alishushwa, akapewa fimbo. Mlango ulikuwa bado haujapata fremu; tundu tu, limefunikwa na shuka jeupe la zamani, lililofuliwa likanyooka. Mama Dobi alikuwa amesimama kando yake kama mtu anayengoja kusomewa makosa.

Mzee alitazama ukuta. Akatazama bati.

"Ulisema hutaweka mlango wa nyuma."

"Nilisema."

"Tena ulimfokea fundi wa watu."

"Nilimfokea. Yule pale, muulize."

Mzee alicheka kidogo kwa upande mmoja wa mdomo, ule unaocheka. Akaanza kwenda. Fimbo, mguu mzuri, mguu wa kuburuta. Udongo ulikuwa umepigwa ukashikana; Mama Dobi alikuwa ameufagia mara nyingi kuliko ulivyohitaji. Alifika kwenye tundu, akasogeza shuka kwa fimbo, akasimama.

Pima Maji alikuwa ameacha tofali moja la kulala chini, kizingiti cha kuzuia maji ya mvua. Mafundi wote hufanya hivyo. Mkono wake ulifanya bila kumwuliza. Mguu mzuri wa mzee ulivuka. Ule mwingine ukagota. Akajaribu tena, ukagota. Jasho likamtiririka kando ya sikio.

Binti akasogea. "Baba, ngoja tukushike."

"Asiniguse mtu."

Mama Dobi alipiga magoti, yale magoti yake mabovu, pale kwenye vumbi la tofali. Alikishika kiatu kwa mikono yote miwili, kama alivyokuwa akishika pembe ya shuka lenye maji, akakinyanyua, akakivusha, akakilaza ndani.

Mzee alikuwa ndani. Aliinamisha kichwa akamtazama.

"Umenibeba?"

"Nimebeba kiatu," alisema Mama Dobi. "Mwenye kiatu kaingia mwenyewe."

Mzee alilifikiria hilo. Kisha akakubali kwa kichwa, akaenda zake, fimbo ikigonga saruji mpya, akapita jikoni, akapita ukumbini, mpaka kwenye mlango wa mbele. Binti alimwekea kiti pale pale mlangoni, juu ya zile ngazi. Akakaa, fimbo katikati ya magoti, akatazama barabara. Mpita njia mmoja akamwamkia kutoka chini, na ilibidi anyanyue shingo.

Kule nyuma Mama Dobi alikuwa bado kwenye magoti, anajaribu kuinuka. Shemeji alimpa mkono.

"Fundi," aliita alipokwisha simama, "hicho kizingiti nakitaka kimetoka leo."

"Maji yataingia, mama."

"Yaingie. Kufagia maji ninakujua."

Alitaka kuzunguka kwenda mbele, apande ngazi zake, aingie kwa mlango wake. Akazifikiria jinsi zilivyo ndefu. Akaegemea ukuta kidogo, akasogeza shuka, akapita jikoni.