Taa Nyeupe ni za Wafu

Mwaka jana, mwezi wa tano, katika mji wa Korea ninakosoma, mama mmoja wa hekalu la Wabuddha aliniuliza swali ambalo hata leo likinijia, damu inanichemka. Ilikuwa wiki ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Buddha. Sisi wanafunzi wageni tulialikwa kutengeneza taa za karatasi zenye umbo la ua, na vidole vyangu vilikuwa vimejaa gundi. Yule mama alinieleza kwa upole kwamba kila taa hufungiwa jina la mtu unayemwombea. Nikaandika jina la nyanya yangu. Akalitazama, akauliza:

"Yuko hai? Walio hai tunawatundikia taa za rangi. Nyeupe ni za wafu."

Rafiki yangu, uliwahi kuulizwa kama aliyekulea yuko hai, ukakosa jibu?

Nyanya huyo sisi tulimwita Koko. Alinilea Goma, katika nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano, mawe makali yaliyokula ndala zetu kabla hazijamaliza mwezi. Aliuza maharage katika soko la Birere. Magunia yalitoka kwao, mji mdogo wa Kiwanja, na kila Jumamosi mimi na binamu zangu tuliketi chini kuyachambua, huku yeye akiyapepeta kwenye lungo, shaa, shaa, vumbi likitupanda puani. Yale yale tuliyochambua ndiyo aliyotupikia, kwa mawese na kitunguu. Jino la mtu likigonga changarawe, alicheka mpaka machozi: "Hii ni mikono ya nani?" Asubuhi tulishuka ufukweni Kituku na bidoni, madumu yale ya njano, kuteka maji ya ziwa, tukapanda tukihema, harufu ya dagaa wa sambaza wa kukaanga ikitufuata nyuma na kututesa. Akisikia tukiitana "wewe, wewe," alitukemea: "Mutu haitwi wewe. Mutu ana jina."

Nilipopata bourse ya kuja kusoma huku, alikuwa amesharudi Kiwanja kulima. Vita vikamfuata. Akakimbia kwa miguu, katika umri ule, mpaka kambi moja pembeni ya Goma. Mwanamke aliyelisha nusu ya avenue yetu akawa anapanga mstari kwa kikombe cha unga, akiitwa "déplacée", mkimbizi, asubuhi na jioni. Kisha wenye bunduki wakaamuru kambi ivunjwe, kila mtu arudi alikotoka. Tantine, binti yake wa mwisho, alikimbia kwenda kumchukua. Alikuta vijiti na matambara. Koko alikuwa amepandishwa lori asubuhi ile. Miezi mitatu ikapita bila habari.

Basi, baada ya swali lile la taa, nikatoka nje ya hekalu, nikampigia Tantine.

"Tantine, nimuwekee Koko taa gani? Ya wazima ao ya wafu?"

"Taa ya Wabuddha? Na wewe uko mukristu?"

"Nijibu tu, Tantine."

Akatoka nje na simu. Nilisikia pikipiki zikipita mlangoni kwake. "Sijaona mwili," akasema. "Sijakaa kilio. Usimuzike mama yangu uko kwa Wachina. Weka ya rangi."

Niliweka nyekundu. Jioni taa zikawashwa, maelfu, mlima mzima wa hekalu ukawaka. Wenzangu walipiga picha wakisifu amani ya mahali pale. Mtawa akatushauri tuiache hasira iende kama moshi. Niliuma meno. Kilichonichoma ni zile nyeupe, safu kwa safu, kila moja na jina lake. Watu wale walijua wafu wao. Niliwaonea wivu kwa misiba yao, na nikaona haya, halafu haya nayo ikageuka hasira.

Wiki mbili baadaye, mama aliyepanda lori lile alimtafuta Tantine sokoni. Alisema Koko alikufa siku ya pili ya safari, kwa homa na kiu. Waliokuwa ndani ya lori walimwomba dereva asimame wamzike vizuri. Aliwapa muda wa kuvuta sigara moja. Wakamfukia kando ya barabara, bila msalaba, wakamfunika kwa majani ya migomba. Ni wapi? Yule mama hakuwa na hakika. Njia yote ni migomba.

"Ni mapenzi ya Mungu, mutoto wangu," Tantine alilia kwenye simu. "Achilia."

"Hapana, Tantine. Mungu hakuendesha lori lile."

Nilimfokea, mimi niliye mbali, yeye aliyekuwa akimtafuta mama yake kambi hadi kambi. Nilimwomba msamaha kwa hilo. Kwa maneno yenyewe, hapana.

Katika nyumba yetu ya mbao wanaishi watu nisiowajua. Shamba la Kiwanja anavuna mwingine. Binamu zangu wametawanyika, mmoja Kampala, mmoja hatujui. Watu wa umri wangu husema utoto umepita, wakatabasamu. Mimi siwezi kutabasamu. Wangu uliporwa mchana kweupe, na waliopora wanakula na kushiba.

Masomo yakiisha nitarudi. Tantine amekwisha kuzungumza na yule mama wa lori. Anakumbuka jambo moja: karibu na pale walipomfukia palikuwa na daraja dogo, na baada ya daraja, mteremko. Tutaanzia hapo, sisi watatu, na majembe yetu.