Faili la baba, jina langu

Leo polisi wameniambia nilitoroka jeshini na bunduki. Kabla sijazaliwa.

Niliomba kibali cha kununua bastola, maana duka langu la mtaa wa Awindiri limevunjwa mara mbili. Wakanikatalia. Asubuhi nikapanda hadi kituo cha polisi cha Arua Hill kukata rufaa.

Kumbe faili ni la baba. Alipotea nikiwa tumboni, mama akanipa jina lake lote lisipotee.

Afisa akasema, "Leta karatasi kwamba yeye alikufa, tutakusafisha."

Karatasi gani? Hata matanga yake hatujawahi kukaa.

Nikampigia mama, aliye kule Koboko, nikamweleza habari ya faili. Akauliza:

"Kumbe serikali pia iko natafuta yeye?"

Ndiyo, mama.

"Basi yeye iko hai."

Akacheka, jamani.

Bado nimekaa kwenye benchi la polisi. Hiyo karatasi nimwombe mama vipi?