Dume Huulizwa Mama Yake

Nakumbuka siku moja ya mnada wa ng'ombe, mwanangu Shija, siku ambayo babu yako alikataa dume zuri kuliko yote yaliyoletwa. Usicheke kwamba nakuita mwanangu wakati hatupishani miaka mingi. Mimi ni mdogo wa mama yako, na mama mdogo ni mama. Juzi nilipokueleza habari za saratani ya matiti ulinijibu, "Hayo ya kina mama, mama mdogo," ukarudi kwenye simu yako. Ndiyo maana naandika. Mwanzo huu nimeufuta mara nyingi, unanijua nilivyo.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nipo tu nyumbani Kasekese nikiwaza. Mama yako, dada yangu Nkwimba, alikuwa ananyonyesha mdogo wako, akagusa uvimbe kwenye titi. Mdogo, mgumu, usiouma. Nesi wa zahanati alimuuliza kama kuna mtu wa familia aliyewahi kuugua saratani ya matiti. Akajibu bila kusita, "Kwa mama yangu hakuna." Nesi akamwambia aende hata hivyo hospitali Mpanda mjini. Mama yako akarudi nyumbani akasema ni maziwa yameganda, tuvune mpunga kwanza.

Hakudanganya. Sote tuliamini kwamba ugonjwa wa titi ni wa mwanamke, basi hutoka kwa mwanamke. Shangazi zetu Minza na Holo, dada zake babu yako, walikufa bado vijana wakiwa na vidonda vya kifua. Lakini hao walikuwa upande wa baba, na tena hawakuzungumzwa. Katika nyumba yetu kaka hataji kifua cha dada yake, hata dada akiwa kaburini. Tukiuliza tuliambiwa tu, "Waliumwa," na mazungumzo yanaishia hapo.

Mimi nilianza kusoma kwenye simu. Nilisoma kwamba kuna hitilafu ndani ya vinasaba, ile mbegu ya mwili tunayorithi, na kwamba baba anaweza kuirithisha sawasawa na mama. Nikasoma tena. Nikajipapasa kifua mpaka kikauma, kisha nikaogopa maumivu niliyojitia mwenyewe. Maji ya kifuu kwa chungu ni bahari, mwanangu, na mimi nilikuwa chungu. Lakini kusema sikusema. Niseme nini? Kwamba baba yetu ndiye aliyeirithisha?

Basi siku ya mnada babu yako akanichukua nikapunge upepo, maana nilikuwa nimekonda. Dume lenyewe lilikuwa jeusi, nundu imesimama. Akalizunguka polepole, akauliza, "Mama yake yuko wapi?"

"Mzee, unanunua dume au unaposa?" muuzaji akamjibu. Watu wakacheka.

"Nataka kuona kiwele cha mama yake."

"Kwani dume lina kiwele?"

"Halina. Mabinti zake ndio watakuwa nacho."

Akaondoka, kicheko kikimfuata. Mimi nikamfuata nikilirudia jibu lake kimoyomoyo.

Njiani akageuka kunitazama. "Una nini, mayu?" Ndivyo anavyotuita sisi mabinti zake.

"Baba, shangazi waliumwa nini?"

"Unauliza ya marehemu?"

"Nauliza kama ulivyouliza wewe pale mnadani."

Akasimama. Akaangalia ng'ombe wa watu wakipita na vumbi lao, kisha akaniangalia. Nikamwambia yote niliyosoma.

"Umelijua lini hili?"

"Tangu Nkwimba alipotoka zahanati."

"Na umekaa nalo! Mtu akiona nyumba inaungua, anakaa kuwaza moto umeanzia chumba kipi? Anapiga kelele. Kusoma kote huko, mayu, hawakuwafundisha nyie kupiga kelele?"

Jioni hiyo, kabla chakula hakijatengwa, alimwita mama yako, na bibi yako, na sisi wengine. Akavua kofia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayebeba kitu kwa mikono miwili. "Minza na Holo walikufa kwa matiti. Mimi niliwabeba, nilisikia harufu, nikanyamaza kwa heshima. Nkwimba, limetoka kwangu, si kwa mama yako. Kesho tunakwenda Mpanda. Mpunga utavunwa na wenye mikono."

Mama yako akasema, "Baba, si kosa lako."

"Sijasema kosa. Nimesema limetoka kwangu."

Ilikuwa saratani, Shija, na ilikuwa bado ndogo. Alikatwa titi, akapewa dawa zilizomwangusha nywele, ule wakati ulipoambiwa yuko kwa ndugu. Leo anakugombeza kwa viatu mlangoni. Na daktari alipouliza habari za ukoo, babu yako alisimama mbele ya wagonjwa wote akasema, "Niulize mimi. Mimi ndiye dume." Wakacheka. Daktari akacheka pia, kisha akamwambia wanaume nao huugua, hata ya matiti. Mzee akafungua vifungo vya shati hapo hapo.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Sisi heshima yetu ilitaka kumficha mama yako kaburini pamoja na shangazi zake. Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Ujue waliokufa katika ukoo wako walikufa na nini, pande zote mbili. Ukiulizwa na daktari, taja. Si kila saratani hurithiwa, nyingi hazirithiwi, na kurithi hitilafu si kuugua. Kama mama yako anayo, wewe unaweza kuwa nayo au usiwe nayo, nusu kwa nusu, na kuwa mwanaume hakukutoi. Kipimo chake hakipatikani kila mahali, lakini mdomo unao. Ukihisi uvimbe, usingoje mavuno. Mimi bado naogopa, mwanangu. Ila siku hizi naogopa nikiwa kwenye foleni ya kupimwa.

Mungu akupe umri mrefu na mifugo yenye afya, akupe na mabinti. Siku watakapokuuliza, akufungue kinywa.