Kona ya Tope na Mdomo Wangu

Tope la uwanja wetu lilikuwa na harufu yake, na hata leo mvua ikinyesha hapa Kisangani naisikia: majani yaliyooza, maji yaliyolala, na kitu kama chuma chenye kutu. Uwanja ulikuwa ng'ambo ya kushoto ya mto, upande wetu, nyuma ya chuo kidogo cha ualimu, na kona yake moja iligusa kijito. Ukiitazama kona ile ungesema ndipo penye nyasi nzuri kuliko pote. Uongo mtupu. Ukikanyaga, mguu unazama mpaka kwenye kifundo. Mimi niliijua kwa sababu nilichuma matembele pale kila siku, maana mama yangu hakujua kula lituma, ndizi zetu za kutwanga, bila matembele, na alizitwanga kwa nguvu hata jirani mmoja akauliza kama tunajenga nyumba. Lakini si hilo nililotaka kusema. Nilitaka kusema kwamba chini ya tope kulikuwa na magogo ya michikichi, yaliyolazwa zamani na watu waliokuwa wakienda kijitoni, na mimi niliyajua kwa nyayo zangu, gogo kwa gogo, hata nikifumba macho.

Kaka yangu mkubwa, Faustin, nilimwita yaya kama tunavyoita kwetu. Alisoma katika chuo kile na alikuwa winga wao wa kushoto. Timu yao, Mungu anisamehe, ilikuwa ya kuonea huruma. Nusu yao walicheza miguu mitupu. Mpira ulikuwa mmoja, umeshonwa na fundi wa viatu, ukipigwa unakwenda unakotaka wenyewe. Na kila mwaka walivuka kwetu vijana wa chuo kikubwa cha Makiso, kule penye mabenki na maduka, wenye viatu vya njumu na soksi nyeupe, wakatupiga, wakarudi kwao wakiimba. Mwaka uliotangulia walitufunga mabao sita. Baba yangu, tuliyemwita Papa, alikuwa mvuvi, mtu wa Yanonge, asiyeweza kabisa kuvumilia kuchekwa. Wiki nzima wachuuzi wa samaki pale gatini walimwita Papa Sita. Basi msimu huo alitoa neno mbele yetu sote: "Faustin, bakikupiga tena, unaacha mupira na chaki pamoja. Tunashuka Yanonge. Nyavu hazichekake mutu."

Tulidhani ni hasira ya siku moja. Lakini asubuhi ya mechi nilishuka gatini kuosha sufuria, nikaona gunia la yaya limeshawekwa ndani ya mtumbwi, limefungwa kamba, na blanketi lake juu. Sufuria nikaliosha mara mbili bila kujua. Kuna kitu sijaeleza. Mimi shuleni nilifika darasa la tatu tu, mama akanitoa nimsaidie jikoni, na kila jioni yaya ndiye aliyenikalisha na ubao mdogo akinifundisha alichofundishwa. Akiondoka yeye, herufi nazo zinaondoka. Kwa hiyo msidhani niliogopa kwa ajili yake peke yake. Nilijiogopea na mimi.

Yaya alikuwa na mpango, na mpango huo nilimpa mimi. Wiki kadhaa kabla nilimwonyesha magogo, akapita juu yake na mpira, akacheka mpaka akakaa chini. Akawaleta wenzake wakajifunza. Walikubaliana hivi: wakishambuliwa, wawavute wale wakubwa mpaka kwenye kona, wazame na njumu zao, kisha mpira uchukuliwe na mtu aliyesimama pakavu. "Mutoto," akaniambia, "hii ni siri ya nyumba. Hata mama usimwambie." Na mama kweli sikumwambia.

Bon, basi. Wageni wakavuka mapema, jua likiwa kali, wakapumzika kwenye uzio wetu kwa sababu nyumba yetu ndiyo ya kwanza ukitoka gatini. Kapteni wao, beki mmoja mrefu mwenye sauti ya upole, akaomba maji. Nikampelekea kikombe kwa mikono miwili, nikapiga goti kama nilivyofunzwa. Akaniuliza, akiniita kama mtu mzima, "Mama, unaitwa nani? Nani alikusuka vizuri hivi?" Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza habari ya nywele zangu. Na kwetu, jamani, mgeni anaonyeshwa pa kukanyaga. Gatini kwetu palikuwa na ubao mmoja uliooza, na Papa hakuacha mtu ashuke bila kumwambia, hata yule aliyemwita Papa Sita. Ndivyo tulivyolelewa. Nikafungua mdomo, nikimwita kwa neno la mjomba: "Tonton, kule uwanjani, kona ya kijito, musipite. Iko tope. Mutavunja miguu."

Akasimama palepale. "Bandugu! Kona ya kijito, mutu asipite! Mutoto anasema iko tope!" Wote wakaitikia. Ndipo nikasikia nilichosema. Nilirudi jikoni na kikombe kitupu, nikataka kumkimbilia yaya. Nilimkuta anafunga vidole vyake vya miguu kwa vitambaa, akinikonyeza kama mtu anayeshirikiana nami mali. Sikuweza kumwambia. Niwaambie ukweli, hata leo nikikumbuka lile jicho nakosa pa kutazama.

Kipindi cha kwanza kona ile ilikuwa upande wa goli letu. Yaya alirudi nyuma na mpira, akasimama juu ya gogo akiwangoja wamfuate, hakufuata hata mmoja. "Kuya basi! Munaogopa walimu?" akawapigia kelele. "Baki na vyura vyako, mwalimu!" wakamjibu, watu wakacheka. Walishambulia upande mwingine wote kwa pamoja, na kabla ya mapumziko wakafunga. Papa alikuwa amesimama peke yake, mikono nyuma, akitazama zaidi kule gatini kuliko uwanjani. Mimi nilihesabu vidole vyangu, sijui kwa nini, vikawa kumi kila mara.

Kipindi cha pili pande zikabadilishwa, kona ikawa karibu na goli lao. Yaya alisimama pale kwa muda, peke yake, kama mtu aliyesahauliwa sokoni. Nikaona anageuka kuwatazama. Anatazama tena. Yule kapteni mrefu alikuwa amewasogeza mabeki wote mbali na tope, eneo zima limebaki tupu, na ndani ya utupu ule alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua magogo yako wapi. Akainua mkono aletewe mpira. Akakimbia, gogo, gogo, gogo, maji hayakuruka hata tone, akafika karibu na mstari bila kuguswa, akauweka mpira mbele ya goli taratibu kama anamwekea mtu sahani. Mwenzake akausukuma ndani: bao moja kwa moja. Mara ya pili kapteni alijaribu kumfuata, akazama mpaka kwenye soksi, akabaki ameshikwa akituapiza. Mpira ukaingia tena: mbili kwa moja. Dakika zilizobaki sikuziona. Nilifunika uso kwa nguo yangu yenye harufu ya matembele mpaka niliposikia akina mama wakipiga vigelegele.

Papa hakungoja vigelegele viishe. Alishuka gatini, akalibeba gunia kichwani, akalirudisha nyumbani. Mama alipomtazama akasema, "Mvua inakuja. Blanketi litalowa." Mbingu ilikuwa nyeupe kabisa, bila wingu.

Yaya akawa mwalimu, amestaafu, anakaa Mangobo. Uwanja upo bado, lakini umemwagiwa udongo, na kwenye kona yetu kuna nyumba ya matofali. Siku hizi wageni wanavuka huku wakitazama njia kwenye simu, na watoto wetu hawamwambii mtu pa kukanyaga. Pengine ni vizuri, pengine si vizuri, sijui. Jumapili hii mjukuu wangu na timu ya chuo hichohicho wanacheza na Makiso, na hawana tope wala gogo. Walimwuliza babu yao, yaya, mdogo anamfungaje mkubwa. Akawaambia anachosema miaka yote: kwamba alisoma hofu ya wale wakubwa usoni mwao, kwa akili yake. Nami miaka yote nimenyamaza, nikimwongezea lituma.

Wakaniomba niwaandikie habari hiyo. Nimeandika, yote. Mjukuu amevuka nalo daftari leo asubuhi, alipitishe kwanza kwa mwalimu mwenyewe, kule Mangobo. Namjua yaya: atachukua kalamu nyekundu, aanze na makosa yangu ya mstari wa kwanza, polepole, ukurasa kwa ukurasa, mpaka afike pale nilipopiga goti na kikombe. Matembele yananyauka jikoni. Kila injini ya mtumbwi ikilia huko mtoni, nasimama.